Hesabu ya Tundu: Ulipuaji wa Miamba Katika Ardhi ya Kwale

Mgodi mkubwa kuliko yote uliowahi kuchimbwa Kwale haukuhitaji baruti. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichota mchanga mzito wa Nguluku na Maumba kwa tingatinga, na baadaye kwa mabomba ya maji yenye nguvu yaliyobomoa kingo za mchanga na kuzigeuza tope. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014. Kwa miaka 11 ilmenaiti, rutaili na zikoni zilisafiri kwenda kuwa rangi za nyumba na vigae katika nchi za mbali, na hakuna aliyepiga king'ora cha kuwaondoa watu kwa sababu gema linalipuliwa. Ndiyo maana wakazi wengi wa Msambweni wakisikia neno mgodi hufikiria malori, mabwawa ya tope na vumbi. Mlipuko ulikuwa habari ya kwingine.

Mgodi huo sasa umefungwa, na kilichobaki chini ya ardhi ya kaunti hii sehemu kubwa ni mwamba. Barabara zinataka kokoto. Ukuta wa zege wa bwawa la Mwache, huko Kinango, unataka mawe kwa wingi ambao haujawahi kuonekana huku. Viwanda vya saruji vya Pwani vinaishi kwa chokaa. Na kilima cha Mrima, chenye niobiamu na madini adimu, hakijaacha kuzungumzwa tangu mzozo wa leseni ya 2013. Katika kazi hizi, penye mwamba mgumu, mtambo wa kutoboa hutangulia na baruti hufuata.

Wazee wetu, kina mama na vijana mliofika kusikiliza, mada ya mhadhara huu ni tundu. Baruti itatajwa sana, lakini itatajwa kama mgeni anayeingia nyumba iliyojengwa na mwingine. Mtu akiona jiwe limeruka hadi kwenye paa la jirani husema baruti ilizidi. Mara nyingi hesabu ya baruti ilikuwa sawa, na kosa lilifanyika siku moja au mbili kabla, pale mtambo ulipowekwa juu ya sakafu iliyoinama na fundi akaambiwa aharakishe. Ubora wa mlipuko huamuliwa kabla mlipuaji hajafika na makasha yake.

Kwanza ardhi yenyewe. Anayetoka ufuoni Diani kuelekea Kinango hupita juu ya miamba ya namna nyingi katika safari fupi. Mwanajiolojia P. V. Caswell aliichora miamba hiyo katika ripoti yake ya 1953 kuhusu eneo la Mombasa na Kwale, na mpangilio wake bado unarejelewa. Ukanda wa bahari ni matumbawe ya kale yaliyogeuka chokaa. Nyuma yake upo mchanga wa Magarini, uliobeba madini ya titani. Kisha vinainuka vilima vya Shimba, halafu mawe ya mchanga ya Mazeras, matabaka ya Maji ya Chumvi, na mbali zaidi magharibi mawe ya Taru. Kusini, Jombo na Mrima vimesimama peke yao: mabaki ya magma iliyopanda kutoka chini sana. Kila aina ya mwamba hutobolewa kwa namna yake, na mpango uliofaa Mazeras ukihamishwa kama ulivyo hadi Tiwi unaweza kuua mtu.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Chukua timbo la chokaa lenye gema la urefu wa mita 10. Mtambo unatoboa matundu yenye kipenyo cha milimita 89. Kutoka safu ya mbele hadi uso wa gema ni mita 2.8, na kati ya tundu na tundu ni mita 3.2. Kila tundu lina kina cha mita 10.8, kwa sababu sentimita 80 za ziada huteremka chini ya usawa wa sakafu ili mguu wa gema ukatike na usibaki umechomoza. Mita 2.8 za juu hazitiwi baruti. Huzibwa kwa kokoto ndogo, kavu, zenye ncha. Zinabaki mita 8 za baruti. Baruti inayotumika sana katika machimbo ya wazi ni anfo, yaani chembe za amoniamu naitreti zilizolowa dizeli, na katika tundu la kipenyo hicho hukaa kilo 5 hivi kwa kila mita. Kwa hiyo tundu moja hula kilo 40. Mwamba ambao tundu hilo limekabidhiwa kuuvunja ni mita za ujazo karibu 90. Gawanya, na jibu ni chini kidogo ya nusu kilo ya baruti kwa kila mita ya ujazo.

Nambari hiyo ya mwisho ndiyo wenye machimbo huipenda, kwa sababu inaonekana kama bei. Meneja huiangalia kila mwezi: ikipanda anauliza kwa nini, ikishuka anafurahi. Lakini nambari hiyo ni ya karatasini. Inadhani kwamba matundu yote yako mahali pake, yamenyooka, yana kina kilichopangwa na hayana maji wala pango ndani. Mwamba haujui lolote kuhusu karatasi. Unajua tu umbali halisi kati yake na baruti.

Sasa sakafu haikusawazishwa. Mguu mmoja wa mtambo umekanyaga jiwe na mlingoti umelala kwa digrii 5, pembe ambayo jicho lisilozoea haliioni. Tundu likifika chini litakuwa limekengeuka zaidi ya sentimita 90. Likikengeuka kuelekea nje, unene wa mwamba ulio mbele ya baruti kwenye mguu wa gema hautakuwa tena mita 2.8, utabaki chini ya mita 2. Nguvu iliyopimwa kwa ukuta mnene inakutana na ukuta mwembamba, na ziada yake inageuka kuwa mawe yanayoruka na kishindo angani. Likikengeuka kuelekea ndani, unene unafika mita 3.7. Hapo mwamba haukatiki vizuri. Mguu unabaki, mabonge makubwa yanalala chini, na nguvu iliyoshindwa kusukuma mwamba mbele inapita ardhini kwenda kwenye misingi ya nyumba. Kilo ni zile zile 40 katika hali zote mbili.

Hasara haiishii hapo. Bonge lisiloingia kwenye mdomo wa mashine ya kusaga lazima livunjwe upya. Zamani lilitobolewa na kulipuliwa peke yake, na milipuko hiyo midogo ya jiwe moja moja ni miongoni mwa ile inayorusha vipande mbali zaidi, kwa sababu baruti iko karibu na hewa kila upande. Leo machimbo yenye uwezo hutumia nyundo ya haidroliki iliyofungwa kwenye mkono wa ekskaveta. Hiyo nayo hula dizeli, saa na vyuma. Na mguu uliobaki huharibu sakafu ya kesho: mtambo utasimama juu ya kigongo hicho, mlingoti utainama tena, na kosa la leo litazaa kosa la mzunguko unaofuata. Machimbo mengi yanayolalamika kwamba mwamba wao ni mgumu yana sakafu mbaya tu.

Dawa yake haina siri. Sakafu isawazishwe kwa tingatinga kabla ya kutoboa. Kila tundu liwekewe alama ya rangi kwa kupimwa, lisiwekwe kwa hatua za miguu. Mlingoti upimwe kwa timazi kila mtambo unapohama. Tundu likiisha, lipimwe kwa futi ya kamba yenye uzito mwishoni. Lililo fupi litobolewe tena. Lililozidi lijazwe vumbi la kokoto hadi kwenye kipimo. Na jua la Pwani lina kazi yake hapa: mtu anayesimama karibu na mdomo wa tundu na kioo kidogo cha mkononi huweza kuuelekeza mwanga ndani na kuona kuta hadi chini. Mwanga ukipotea katikati, tundu limepinda. Ukimetameta, kuna maji. Ukionyesha kivuli cheusi pembeni, kuna ufa au pango. Kioo hicho hununuliwa dukani kwa bei ya chai.

Hapo ndipo Kwale inapokuwa tofauti na machimbo mengi ya vitabuni, kwa sababu mwamba wa ufuo wetu umejaa mapango. Wageni hupelekwa Shimoni kuona pango maarufu ambamo, kwa simulizi za wenyeji, watumwa walifungiwa. Karibu na hapo, Fikirini, yapo mapango mengine. Katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioingizwa pamoja na kaya nyingine katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, mizizi imejipenyeza katika nyufa za matumbawe kiasi kwamba mtu hatambui jiwe linakoishia. Maji ya mvua yameyeyusha chokaa hii kwa maelfu ya miaka. Mapango yanayoonekana ni yale tu ambayo paa lake limefunguka. Mengine yamefungwa chini ya udongo wa shamba la minazi, na wa kwanza kuyagundua ni chuma cha mtambo.

Fundi mzoefu hulijua pango kabla ya kuliona. Sauti ya nyundo hubadilika. Fimbo inayoteremka taratibu huanguka ghafla kwa nusu mita. Vumbi jeupe lililokuwa likirushwa juu na upepo wa kompresa hukata, kwa sababu hewa imepata njia nyingine ya kutokea. Wakati mwingine vumbi hugeuka jekundu: pango limejaa udongo. Mambo haya hutokea kwa sekunde chache, na yasipoandikwa palepale yanapotea. Daftari la mtoboaji linapaswa kusema: tundu la 14, mwamba mgumu hadi mita 5, fimbo ikaanguka kutoka mita 5 hadi 5.6, udongo mwekundu hadi mita 7, kisha mwamba tena. Mistari miwili ya penseli.

Thamani ya mistari hiyo inaonekana kwa hesabu nyepesi. Pango lenye ukubwa wa pipa la lita 200 likimiminiwa anfo hupokea kilo 160, sawa na matundu manne yote, zikiwa zimerundikana mahali pamoja. Mlipuaji asiyejua kwamba pango lipo huendelea kumimina akisubiri tundu lijae. Anayejua hufanya jambo lingine: huziba sehemu ya pango kwa kokoto na kuweka baruti chini yake na juu yake, au huteremsha mfuko mrefu wa plastiki ili baruti ibaki ndani ya mfuko. Na hata pasipo daftari ipo njia ya kujihadhari. Gunia la kilo 25 hujaza mita 5 za tundu la milimita 89. Gunia moja likiisha na futi ikionyesha kwamba baruti imepanda mita 2 tu, kazi ya tundu hilo isimame hapo. Mkasa wa jiwe kuruka mamia ya mita huweza kuanza kwa mtu aliyefungua gunia la pili bila kupima.

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika machimbo mengi mtoboaji hulipwa kwa mita. Akiripoti pango amejichelewesha; akinyamaza amemaliza safu na kupata posho. Mfumo wa malipo unamfundisha kunyamaza. Timbo linalotaka usalama wa kweli lingemlipa kwa tundu lililopimwa na kukubaliwa, na lingemlipa zaidi kidogo kwa daftari lililojaa. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na paa moja lililotobolewa, achilia mbali mtu.

Baada ya mapango yanakuja maji. Karibu na bahari, maji yaliyo ndani ya matumbawe hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa. Tundu lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa na mita moja ya maji alasiri, hasa wakati wa bamvua. Anfo na maji havipatani kabisa: amoniamu naitreti huyeyuka kama chumvi. Baruti iliyolowa hulipuka kwa unyonge au hailipuki, na moshi wake hutoka wa rangi ya chungwa, dalili ya gesi za oksidi za naitrojeni zinazochoma mapafu. Kwa matundu yenye maji hutumiwa emalsheni, baruti nzito inayofanana na grisi, ambayo ni ghali zaidi lakini hustahimili maji. Mwenye timbo anayebana matumizi huona vigumu kuinunua, akamimina anfo. Hata hivyo naitreti inayoyeyuka haiendi mbali: inaingia katika maji yale yale ya ardhini. Visima virefu vya Tiwi hunywesha sehemu kubwa ya pwani hii ya kusini, hoteli za Diani na vijiji pamoja. Anayemwaga anfo katika tundu la maji kandokando ya Tiwi anatia mbolea katika mtungi wa jirani yake.

Hata kokoto za kuzibia zina jambo lake. Kwa kuwa vumbi la kutoboa limekwisha kurundikana mdomoni mwa tundu, vibarua hulisukuma ndani kwa koleo na kazi imekwisha. Vumbi hufyatuka kwa urahisi. Kokoto zenye ncha, ukubwa wake ukiwa kama sehemu ya kumi ya kipenyo cha tundu, hukabana zinaposukumwa kutoka chini na kuizuia gesi ndani ya mwamba kwa muda unaotosha kuuvunja. Timbo linalouza kokoto halina sababu ya kukosa kokoto za kuzibia matundu yake lenyewe.

Jirani wa timbo haoni lolote kati ya haya. Yeye husikia kishindo, huona vikombe vikitikisika kabatini, na baada ya miezi anaona ufa juu ya dirisha. Huko Geita, Tanzania, ambako dhahabu imechimbwa katika mashimo makubwa ya wazi tangu 2000, wakazi wa Katoma na Nyamalembo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba nyumba zao zimepasuka kwa sababu ya milipuko, na ubishi kuhusu chanzo cha nyufa umewahusisha mgodi, wataalamu na serikali. Ubishi wa namna hiyo huwa mgumu kuumaliza kwa sababu moja: mara nyingi hakuna picha za nyumba kabla ya mlipuko wa kwanza. Nyumba ya udongo hupasuka kwa mvua na kiangazi, nyumba ya matumbawe huliwa na chumvi, na mtikisiko huongeza ufa uliokuwapo. Bila kumbukumbu ya mwanzo kila upande hushikilia lake.

Kenya ina kipimo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinakataza mtikisiko unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo unakotoka. Ni kiwango kikali kuliko vya nchi nyingi, na kinafaa kwa nyumba zetu. Je, kinafikika? Kwa kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana na wahandisi, kilo 40 zinazolipuka kwa wakati mmoja huleta kwa mtu aliye mita 200 mtikisiko wa karibu sentimita 0.45 kwa sekunde. Ni ndani ya sheria, kwa taabu. Lakini matundu matano yakilipuka kwa pamoja, zile kilo 200 hufikisha mtikisiko karibu sentimita 1.6, zaidi ya mara tatu ya kiwango. Kila mwamba una tabia yake na makadirio hayawezi kuchukua nafasi ya kipimo, ila picha ni hiyo. Ndiyo maana fataki za kisasa, yaani vifaa vya kuiamsha baruti, hucheleweshwa kwa elfu za sekunde, tundu baada ya tundu, ili ardhi isipokee mzigo wote kwa mpigo mmoja. Anayesimama mbali husikia mngurumo mmoja tu. Ndani yake umepita msururu wa milipuko midogo, kila mmoja ukimfungulia mwenzake nafasi ya kusukuma mwamba mbele.

Na kuchelewesha huko hakufui dafu kama matundu yamepinda hadi kukaribiana chini. Baruti ya tundu moja huweza kuliamsha la jirani kabla ya zamu yake, na mpango mzuri wa sekunde ukavurugika. Tunarudi palepale kwenye mtambo na sakafu.

Saa ya kulipua nayo huamua jirani atasikia nini. Alfajiri, hewa baridi ikiwa imelala chini ya hewa ya joto, sauti hurudishwa ardhini na kusafiri mbali. Mchana hupanda juu na kutawanyika. Katika vijiji vya Kwale saa hiyo lazima ipishe pia sala ya adhuhuri, ya Ijumaa zaidi, na watoto wawe darasani badala ya njiani. Tangazo la siku moja kabla, kwa mzee wa mtaa, msikitini na shuleni, huondoa nusu ya hofu. Watu wengi huvumilia kishindo walichoambiwa.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni zito kwa watu wa bahari. Baruti isiyofika ndani ya tundu huenda wapi? Katika pwani ya Tanzania jibu limejulikana kwa muda mrefu. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku huko mwaka 1970, ukaendelea kwa miongo mingi, na sehemu ya vilipuzi vyake ilivuja kutoka machimbo, migodi na kazi za barabara. Mwaka 2015 watafiti waliokokota vinasa sauti chini ya maji kando ya pwani hiyo walinasa milipuko 318 katika safari ya siku 31, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Operesheni za vyombo mbalimbali vya serikali zilizofuata ziliipunguza sana. Lakini Vanga iko mpakani, na matumbawe ya Kisite-Mpunguti, yaliyohifadhiwa tangu miaka ya 1970, yako umbali mfupi kwa mashua. Mlipuko mmoja huyageuza matumbawe kuwa kifusi na huua vifaranga pamoja na samaki wakubwa. Wengi kati ya waliokufa huzama bila kuokotwa. Wavuvi wa Shimoni na Wasini wanalijua hilo bila kufundishwa.

Sheria ya Vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115, inadai vibali vya kununua, kusafirisha, kuhifadhi na kutumia, na inataka ghala na kumbukumbu. Lakini kumbukumbu ya ghala inasema tu kilichotoka mlangoni. Kilichoingia mwambani husemwa na daftari la matundu. Ghala likionyesha kilo 1,000 zimetolewa kwa matundu 25 ya kilo 40, na daftari likaonyesha kwamba matundu matatu yalikuwa mafupi kwa mita 2 kila moja, kilo 30 hazikuwa na pa kuingia. Lazima zionekane zimerudi, na sahihi mbili zikiwa chini yake. Fataki ihesabiwe moja moja, kwa nambari yake. Ulimwengu umeona gharama ya amoniamu naitreti isiyoangaliwa: Texas City mwaka 1947, ambako shehena yake ilipolipuka bandarini watu zaidi ya 500 walikufa, na Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 zilizoachwa bandarini kwa miaka. Wizi mdogo mdogo wa timbo la kijijini hauna vichwa vya habari vya namna hiyo. Unaonekana miezi kadhaa baadaye, samaki wanapokosekana kwenye mwamba fulani na hakuna anayejua kwa nini.

Kilima cha Mrima kinangoja. Leseni iliyotolewa kwa kampuni ya Cortec ilifutwa Agosti 2013, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi la kimataifa likaipa Kenya ushindi katika kesi iliyofuata. Kilima hicho ni kaya, ni msitu wa hifadhi, na mwamba wake wa juu umeoza kwa hali ya hewa hadi kina kikubwa. Kwa hiyo iwapo siku moja itaamuliwa kichimbwe, swali la kwanza la kiufundi ni kama tabaka hilo la juu linahitaji baruti hata kidogo. Ardhi iliyolainika huweza kukwanguliwa kwa meno ya tingatinga, kwa mtikisiko mdogo sana kuliko wa mlipuko. Mtu akileta mpango wa kulipua tangu siku ya kwanza, aonyeshe matundu ya uchunguzi yanayothibitisha mwamba unakuwa mgumu kuanzia mita ya ngapi.

Sheria ya Madini ya 2016 inawapa wakazi nafasi ya kuuliza. Pamoja na kuigawa mirabaha, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, inaitaka miradi mikubwa ifunge mkataba wa maendeleo na jamii inayoizunguka. Kwa kawaida mazungumzo ya mikataba hiyo huenda kwenye zahanati, basari na ajira, na ni haki. Mahali penye mwamba mgumu, yaongezwe mambo manne yanayoandikika katika ukurasa mmoja: picha za kila nyumba iliyo karibu kabla ya mlipuko wa kwanza, zikiwa na nakala kwa mwenye nyumba, mashine ya kupima mtikisiko iwekwe kijijini na matokeo yake yabandikwe ofisini kwa chifu baada ya kila mlipuko, ratiba ya saa iliyokubaliwa, na haki ya wawakilishi wa jamii, wakiwa na mtaalamu waliyemchagua wenyewe, kufungua daftari la matundu na kulilinganisha na kitabu cha ghala. Vijana wa Kwale wanaosoma uhandisi na jiolojia wanaweza kuifanya kazi hiyo ya kulinganisha, na itawafaa zaidi kuliko kusubiri kibarua cha kubeba magunia.